Kutoka Dukani hadi Kiwandani: Mhandisi Manu Chandaria na Sayansi ya Bati

Mtu asimamaye juu ya mwinuko karibu na Kigera, katika Manispaa ya Musoma, na kuyatazama makazi yanayoteremka kuelekea Ziwa Viktoria, kitu cha kwanza akionacho ni mapaa. Mengine hung'aa juani kama maji ya ziwa. Mengine yamefifia yakawa ya kijivu. Mengine yamegeuka rangi ya udongo, na mvua inyeshapo wenye nyumba hutega masufuria chini ya matundu. Jambo la kushangaza ni kwamba paa la kahawia si lazima liwe kongwe kuliko paa la kijivu. Nyumba mbili zilizoezekwa mwaka mmoja, zikapigwa na jua lilelile na mvua ileile, zaweza baada ya miaka kumi kuwa na hali mbili tofauti kabisa.

Jambo hili si dogo. Mkulima wa pamba au mvuvi awekaye akiba kwa miaka kadhaa ili aondoe nyasi na kuezeka bati huweka katika paa lile sehemu kubwa ya jasho lake. Aidha paa la bati ni chombo cha kukingia maji. Mvua ya milimita 25 ikinyesha juu ya paa lenye eneo la mita za mraba 40, maji yanayoanguka hapo ni lita 1,000. Nyumba ikivuja, familia hupoteza vyote viwili, yaani kinga na maji.

Sababu ya tofauti hiyo ina pande mbili. Upande mmoja ni wa kemia: utando mwembamba wa madini ya zinki uliofunika chuma. Upande wa pili ni wa watu: nani alitengeneza bati lile, kwa ujuzi gani, na kwa uaminifu gani. Maisha ya Mhandisi Manu Chandaria, mwana wa muuza duka wa Kihindi aliyezaliwa Nairobi, ni mfano mzuri wa jinsi pande hizo mbili zinavyokutana.

RELI NA DUKA

Ujenzi wa reli kutoka Mombasa hadi Kisumu, uliofanyika kati ya 1896 na 1901, uliwaleta Afrika ya Mashariki vibarua na mafundi wapatao 32,000 kutoka India. Wengi wao walirudi kwao mikataba ilipokwisha, na wengine walikufa kwa ajali na maradhi. Waliobakia walikuwa elfu kadhaa tu. Lakini njia ilikwisha kufunguka, na nyuma ya reli walifuata wafanyabiashara, hasa kutoka Gujarati, magharibi mwa India. Kutoka Kisumu bidhaa zilipakiwa katika meli na kupelekwa kwenye bandari za ziwa, Musoma ikiwa mojawapo. Nguo, chumvi, majembe, masufuria na mabati vilifika Mara kwa njia hiyo.

Serikali ya kikoloni nchini Kenya iliwatengea walowezi wa Kizungu nyanda za juu zenye rutuba, na Wahindi hawakuruhusiwa kumiliki mashamba huko. Hivyo wengi walibaki katika biashara. Duka likawa chuo cha familia. Mtoto alijifunza kupima, kuhesabu na kuweka akiba kabla hajamaliza shule. Lakini duka lilikuwa na kikomo chake. Muuza duka alinunua kilichotengenezwa Ulaya au Asia na kukiuza kwa faida ndogo. Ujuzi wa kukitengeneza ulibaki huko huko kilikotoka. Wananchi nao walilalamika, na mara nyingi kwa haki, kwamba biashara ilikuwa mikononi mwa wachache na kwamba mazao yao yalinunuliwa kwa bei ya chini.

Baba yake Manu, Premchand Chandaria, alikuwa mmoja wa wafanyabiashara hao. Alitoka Gujarati akafika Kenya wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, akaanza na biashara ndogo ya vyakula mjini Nairobi. Manu alizaliwa mjini humo tarehe 1 Machi 1929.

ELIMU NA MALEZI

Wazazi wa Chandaria hawakupata elimu kubwa, lakini waliazimia kwamba watoto wao wasome. Manu alipelekwa India, akasoma katika Chuo Kikuu cha Bombay. Huo ulikuwa wakati wa mabadiliko makubwa. India ilipopata uhuru Agosti 1947 yeye alikuwa kijana wa miaka 18. Mafundisho ya Mahatma Gandhi yalikuwa yameenea kote, na mojawapo lilimwingia moyoni: kwamba mwenye mali si mmiliki wake kamili bali ni mdhamini tu, aliyekabidhiwa aitunze kwa manufaa ya watu. Fundisho hilo lilipatana na dini ya familia yake, ya Wajaini, ambayo inakataza kudhuru kiumbe chochote na inahimiza kiasi katika matumizi.

Kutoka India alikwenda Marekani, akasoma shahada ya juu ya uhandisi katika Chuo Kikuu cha Oklahoma. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 alirejea Kenya. Alikuwa amerudi na kitu ambacho duka halikuwa nacho, yaani ujuzi wa kubadili umbo na tabia ya vitu.

SUFURIA LA KWANZA

Familia ilikwisha kuanza kutazama mbali zaidi ya duka. Ilinunua kiwanda kidogo cha vyombo vya alumini mjini Mombasa, ambacho baadaye kilijulikana sana kwa jina la Kaluworks. Bidhaa yake kuu ilikuwa sufuria.

Neno sufuria lina asili ya Kiarabu na lilihusiana na shaba, kwa kuwa vyombo vya zamani vilikuwa vya shaba. Alumini iliishinda shaba jikoni kwa sababu tatu. Kwanza, ni nyepesi: sentimita moja ya ujazo ya alumini ina uzito wa gramu 2.7, ambapo ya shaba ina karibu gramu 9. Pili, hupitisha joto vizuri, takriban mara tatu kuliko chuma, kwa hiyo chakula huiva sawasawa bila kuungua upande mmoja. Tatu, haishiki kutu kama chuma. Ikikutana na hewa hujivika utando mwembamba mno wa oksidi ya alumini, na utando huo huzuia hewa isiendelee kuila.

Kulitengeneza sufuria kwahitaji hesabu. Bamba la alumini hukatwa duara, kisha duara hilo husukumwa ndani ya kalibu kwa mashini yenye nguvu hadi liwe chombo chenye kuta. Duara likiwa dogo, sufuria huwa fupi. Likiwa kubwa kupita kiasi, kuta hukunjamana. Bamba likiwa gumu hupasuka, kwa hiyo ni lazima lilainishwe kwanza kwa moto. Katika kazi kama hizi mhandisi kijana hupata somo ambalo chuo hakiwezi kulitoa lote, kwamba ubora wa kitu kilichokwisha huamuliwa katika hatua ambazo mnunuzi hazioni.

BATI LINAVYOTENGENEZWA

Mwaka 1962, mwaka mmoja kabla ya uhuru wa Kenya, familia ilianzisha kampuni ya Mabati Rolling Mills. Kiwanda chake kikuu kilijengwa Mariakani, mji ulioko kiasi cha kilomita 40 kutoka Mombasa kwenye barabara ya kwenda Nairobi. Hadi wakati huo mabati ya Afrika ya Mashariki yalikuwa yakiagizwa kutoka ng'ambo yakiwa tayari.

Bati la migongo halikuwa uvumbuzi mpya. Mwaka 1829 mhandisi Mwingereza Henry Robinson Palmer alipata hataza ya bamba la chuma lililokunjwa migongo. Mwaka 1837 Mfaransa Stanislas Sorel alipata hataza ya kukinga chuma kwa kukichovya katika zinki iliyoyeyuka. Mambo hayo mawili yalipounganishwa, ikapatikana kezekeo nyepesi, ngumu na ya kudumu.

Kazi ya kiwanda cha namna hii huanza na gombo kubwa la bamba la chuma cha pua, lenye unene wa milimita mbili hivi. Bamba hilo lina magamba ya oksidi yaliyotokana na moto wa tanuri lilikotengenezwa. Magamba hayo huondolewa kwa kulipitisha bamba katika asidi ya hidrokloriki. Kisha bamba hupitishwa kati ya rola nzito, likiwa baridi, mara kadhaa, hadi unene wake upungue kufikia kama milimita 0.3. Kufinywa huko hulifanya kuwa gumu na jepesi kuvunjika, kwa sababu fuwele za ndani ya chuma zimevurugika. Hivyo hupitishwa katika tanuri lenye joto la kama nyuzi 700 za Selsiasi, ndani ya mchanganyiko wa gesi za naitrojeni na hidrojeni. Hidrojeni huondoa masalia ya oksidi, na joto huzipa fuwele nafasi ya kujipanga upya.

Bila kuguswa na hewa, bamba huzama katika birika la zinki iliyoyeyuka. Zinki huyeyuka kwenye nyuzi 420, na birika hutunzwa kwenye nyuzi kama 460. Ndani ya sekunde chache zinki huungana na chuma na kufanya tabaka la mchanganyiko wa metali hizo mbili. Tabaka hilo likizidi unene huvunjika bati linapokunjwa. Kwa hiyo alumini kidogo sana, karibu sehemu 2 katika 1,000, hutiwa katika birika ili kulipunguza. Bamba litokapo birikani hupulizwa pande zote mbili kwa upepo mkali unaokwangua zinki iliyozidi. Nguvu ya upepo huo ndiyo inayoamua unene wa zinki itakayobaki. Mwisho bamba hupozwa, hukatwa na kukunjwa migongo.

Migongo hiyo si pambo. Bamba bapa la milimita 0.3 hulegea kama karatasi. Likikunjwa migongo yenye kimo cha milimita 18, ukakamavu wake huongezeka maelfu ya mara, kwa sababu chuma kimepelekwa mbali na mstari wa katikati, mahali ambapo hupinga vizuri zaidi nguvu ya kukunjwa. Mwanafunzi aweza kulihakiki jambo hili kwa karatasi moja ya daftari. Ikiwa bapa haiwezi kubeba hata kalamu kati ya vitabu viwili. Ikikunjwa mikunjo myembamba ya kwenda na kurudi, hubeba kalamu kadhaa.

ZINKI INAVYOKIKINGA CHUMA

Chuma kinapokutana na maji na oksijeni, atomi zake hupoteza elektroni na kugeuka kuwa kutu. Kutu ni laini na ina vitundu, hivyo huyaruhusu maji yaendelee kupenya hadi chuma chote kiliwe.

Zinki hukikinga chuma kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni ya ngao. Zinki hujivika utando wa oksidi, kisha wa kabonati, ulio mgumu kuyeyuka katika maji ya mvua. Ndiyo sababu bati jipya hupoteza mng'aro na kuwa la kijivu: halijaharibika, bali limevaa kinga yake.

Njia ya pili ni ya ajabu zaidi. Metali hutofautiana katika wepesi wa kutoa elektroni. Katika mpangilio wa kielektrokemia zinki ina volti −0.76 na chuma −0.44, maana yake zinki hutoa elektroni kwa wepesi kuliko chuma. Bati likikwaruzwa hadi chuma kionekane, maji ya mvua huziunganisha metali hizo mbili kama katika betri ndogo. Zinki huliwa, na chuma kilicho jirani husalimika. Lakini hali hiyo hudumu maadamu zinki ipo. Ikiisha, chuma hubaki uchi.

Basi umri wa bati hutegemea sana kiasi cha zinki, na kiasi hicho ni kidogo mno. Bati lililopakwa gramu 100 za zinki kwa kila mita ya mraba, pande zote mbili zikijumlishwa, lina utando wa mikromita 7 tu kila upande. Unywele wa binadamu huwa mnene kama mara kumi ya hapo. Bati lililopakwa gramu 275 lina mikromita 19 kila upande. Mahali pasipo na chumvi wala moshi mwingi wa viwanda, kama vile vijiji vilivyo mbali na bahari, zinki hupungua kwa kiasi cha mikromita moja kwa mwaka au pungufu. Kando ya bahari yaweza kupungua mikromita mbili hadi nne, na hata zaidi. Hesabu hiyo yaonyesha kwamba bati la kwanza hupoteza kinga yake baada ya miaka kama saba huko bara, na miaka miwili au mitatu pwani. La pili hukaa karibu mara tatu ya muda huo. Ziwa Viktoria ni la maji baridi, kwa hiyo mapaa ya Kigera hayapati adhabu ya chumvi inayoyapata yale ya Mombasa na Dar es Salaam. Yana maadui wengine, kama vile majani yaliyooza juu ya paa, moshi wa jikoni upandao kutoka chini, na mwingiliano wa shaba na bati katika nyaya na mabomba.

Jambo moja huwachanganya wanunuzi wengi. Geji hueleza unene wa bamba, haielezi unene wa zinki. Tena namba ya geji huenda kinyume: bati la geji 28 ni nene kuliko la geji 30, na la geji 30 ni nene kuliko la geji 32. Mabati mawili ya geji 30 yaweza kuwa na zinki tofauti kabisa, na siku ya kununua yote mawili hung'aa sawasawa. Mita moja ya mraba ya bati la milimita 0.3 ina uzito wa karibu kilo 2.4, na katika huo zinki yaweza kuwa gramu 100 tu. Mtengenezaji akipunguza nusu ya zinki hiyo, hakuna jicho litakalotambua dukani. Paa ndilo litakalotoa ushahidi miaka michache baadaye. Ndiyo maana nchi huunda vyombo vya viwango. Kenya iliunda Shirika la Viwango mwaka 1974, na Tanzania ikaunda lake mwaka 1975.

HATUA YA ALUMINI NA ZINKI

Mchanganyiko mwingine uligunduliwa ng'ambo katika karne ya 20, nao ni wa alumini asilimia 55, zinki asilimia 43.5 na silikoni asilimia 1.5, kwa uzito. Alumini huleta ngao imara, zinki hulinda mahali palipokwaruzwa, na silikoni huzuia mchanganyiko usishambulie chuma kwa ukali birikani. Kwa unene uleule, utando huu hudumu mara mbili hadi nne kuliko zinki pekee. Mabati Rolling Mills ilikuwa miongoni mwa viwanda vya mwanzo barani Afrika kuutumia. Kuutumia hakukuwa kubadili dawa tu ndani ya birika. Birika la mchanganyiko huu hutunzwa kwenye nyuzi kama 600, hivyo matanuri, vyombo na mafunzo ya wafanyakazi vililazimika kubadilishwa.

Hapo ndipo tofauti ya muuza duka na mhandisi huonekana wazi. Muuza duka huuliza bei ya leo. Mhandisi analazimika pia kuuliza kitu kitakuwaje baada ya miaka 20.

UPANDE WA TANZANIA

Huko Dar es Salaam, kampuni ya Aluminium Africa, ijulikanayo kwa kifupi ALAF, ilianzishwa mwaka 1960, nayo ikaja kuwa mtengenezaji mashuhuri wa mabati nchini. Baada ya Azimio la Arusha la Februari 1967, Tanzania iliweka njia kuu za uchumi chini ya umma, na ALAF nayo ikawa chini ya umiliki wa Serikali kwa miaka mingi. Katika ubinafsishaji wa miaka ya 1990 kampuni hiyo iliingia katika kundi moja na kiwanda cha Mariakani.

Mwalimu Julius Nyerere, mzaliwa wa Butiama, si mbali na Kigera, alieleza kwa nini alitaka viwanda viwe vya umma. Alihofu kwamba nchi yenye wachache wanaomiliki kila kitu haiwezi kuwa na usawa. Chandaria kwa upande wake alishika njia ya mali ya familia, akaamini kwamba mwenye mali aweza kujiwekea mwenyewe wajibu wa mdhamini. Njia hizo mbili zilitofautiana sana. Lakini swali lililozizaa lilikuwa moja: kiwanda ni cha nani, na kinawajibika kwa nani? Swali hilo halijapitwa na wakati, na lafaa kujadiliwa darasani pamoja na kemia ya bati.

UONGOZI WA CHANDARIA

Biashara ya familia ilikua ikajulikana kwa jina la Comcraft, ikaenea katika nchi zaidi ya 40. Ndugu na binamu waligawana kazi na nchi. Kuenea huko kulikuwa pia kinga. Uganda ilipowafukuza watu wa asili ya Asia mwaka 1972, kila mfanyabiashara wa jamii hiyo katika Afrika ya Mashariki aliona kwamba mali iliyowekwa mahali pamoja yaweza kupotea kwa siku chache.

Chandaria mwenyewe alibaki Nairobi, na hilo ni jambo la kuzingatiwa. Familia iliunda mfuko wa hisani katika miaka ya 1950, biashara ilipokuwa bado changa, na kwa miaka mingi mfuko huo ulisaidia elimu na matibabu. Jina la familia limewekwa katika majengo na vituo vya vyuo vikuu kadhaa vya Kenya, kikiwemo kituo cha kulea ubunifu na biashara changa katika Chuo Kikuu cha Kenyatta. Hayo ya mwisho yanalingana na historia yake, kwa sababu kijana mwenye wazo la kiufundi lakini asiye na mtaji yuko mahali palepale ambapo familia ya muuza duka ilikuwa zamani.

Alikuwa pia mwenyekiti mwanzilishi wa Baraza la Biashara la Afrika Mashariki na wa umoja wa sekta binafsi nchini Kenya. Mwaka 2003 alitunukiwa nishani ya Uingereza iitwayo OBE, na Kenya nayo ilimpa nishani ya taifa.

Kwa wasomaji wa Kiswahili kuna jambo jingine la karibu zaidi. Mwaka 2014 Mabati Rolling Mills na ALAF, pamoja na Chuo Kikuu cha Cornell cha Marekani, vilishiriki kuanzisha Tuzo ya Kiswahili ya Mabati-Cornell ya Fasihi ya Afrika, ambayo baadaye iliitwa Safal-Cornell. Ni nadra kiwanda cha chuma kugharimia riwaya na mashairi. Lakini lugha ndiyo iliyokuwa sokoni tangu mwanzo: neno mabati lenyewe liliwekwa katika jina la kampuni.

PALE AMBAPO KAZI HAIJAKWISHA

Haifai kuueleza ushindi huu kana kwamba hauna upungufu. Viwanda vya mabati vya Afrika ya Mashariki vimezoea kuanza kazi katikati ya safari. Bamba la chuma linaloingia kiwandani hununuliwa ng'ambo, na zinki pia. Kuchovya na kukunja hufanyika hapa, lakini kuyeyusha mawe ya chuma ili kupata chuma chenyewe ni hatua ambayo bado haijashikwa kwa ukubwa. Tanzania ina mawe ya chuma huko Liganga, wilayani Ludewa, na makaa ya mawe ya Mchuchuma yako jirani. Mawe ya Liganga yamechanganyika na titani na vanadi, na hilo hufanya uyeyushaji wake uwe mgumu kuliko wa mawe ya kawaida. Huo ni mtihani wa kemia na uhandisi unaowangoja wanafunzi wa leo. Kizazi cha Chandaria kilitoka dukani kikafika kwenye rola na birika. Hatua ya kutoka birikani hadi mgodini imeachiwa vizazi vingine.

JARIBIO LA DARASANI

Mwalimu aweza kuonyesha kazi ya zinki bila vifaa vya gharama. Zinahitajika chupa nne safi za kioo, misumari miwili ya kawaida ya mbao, na misumari miwili ya bati, yaani ile yenye kofia pana iliyopakwa zinki.

Chupa ya kwanza itiwe maji ya ziwa au ya mvua na msumari wa kawaida. Ya pili itiwe maji hayohayo na msumari wa bati uliokwaruzwa kwa tupa mahali padogo, hadi chuma kionekane. Ya tatu na ya nne ziwe hivyohivyo, ila kila moja itiwe kijiko cha chumvi. Maji yasiifunike misumari yote, ili hewa ifike. Wanafunzi waandike kila siku, kwa majuma mawili, kile wanachokiona.

Msumari wa kawaida utaanza kutu upesi, na kwa kawaida ule wa maji ya chumvi ndio utakaotangulia. Katika misumari ya bati pataonekana unga mweupe, nao ni zinki inayoliwa, ilhali mahali palipokwaruzwa patakawia kushika kutu. Maswali ya kujadili ni haya: Kwa nini chumvi huharakisha kutu? Chuma kilichokwaruzwa kimelindwa na nini, ikiwa hakikufunikwa? Msumari ukiachwa mwaka mzima, kutatokea nini zinki itakapokwisha?

Wanafunzi wakimaliza jaribio, watoke nje wayatazame mapaa ya shule na ya majirani. Waandike mwaka wa kuezekwa kwa kila paa, wakiuliza wenye nyumba, na waeleze rangi yake. Watagundua kwamba baadhi ya mapaa ya zamani yangali ya kijivu, na baadhi ya mapya yamekwisha kuwa mekundu. Watakuwa wameona kwa macho yao ule utando wa mikromita chache, na uamuzi wa mtu aliyesimama kando ya birika la zinki, mbali na Kigera, akachagua kuweka kiasi kamili au pungufu.